Maswali ya wasomaji: Mdudu anayefuata kivuli

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nyumbani kwetu, nje kidogo ya Lodwar, kuna mdudu wa rangi ya mchanga, ana vinyweleo virefu, na nimemhesabu miguu kumi. Juzi saa tisa alasiri niliinua gunia la makaa, akachomoka mbio akamfuata binti yangu. Mtoto akikata kulia, naye anakata kulia. Jirani anasema ana sumu kushinda nge. Je, ni buibui wa aina gani?
Mama Ekiru, Lodwar

JIBU: Marahaba, Mama Ekiru, na mpe binti pole zangu. Viatu aendelee kuvaa, lakini avivae kwa sababu ya nge na miiba ya mgunga. Huyu aliyemkimbiza hana sumu.

Barua yako nimeisoma mara mbili kwa furaha. Wengi huniandikia “mdudu mkubwa wa kutisha” wakaishia hapo. Wewe umenipa rangi, saa, gunia na idadi ya miguu, kwa hiyo namtambua hata bila picha. Si buibui, ingawa ni jamaa yake na jamaa ya nge. Wanasayansi huliita kundi lake Solifugae, Kilatini cha “wakimbiao jua”, na jina hilo ndilo jibu la mbio za juzi. Ulipoinua gunia ulimwondolea dari lake kwenye jua kali. Kivuli kilichokuwa karibu kuliko vyote ni cha binti yako, na kivuli kikihama, naye anahama nacho. Siku nyingine mwambie mtoto asimame karibu na ukuta, kisha asogee pembeni. Mdudu ataelekea kwenye kivuli cha ukuta.

Sasa ile miguu kumi. Mimi mwenyewe nilimwelewa siku niliyomfunika kwa bilauri juu ya meza ya darasani, nikakaa naye kipindi kizima. Jozi ya mbele kabisa si miguu, ni viungo vya kupapasia na kukamatia, na ncha zake zinanata. Alipanda kioo cha bilauri kama mjusi apandavyo ukuta! (Ukimtia kwenye ndoo, basi, weka kifuniko.) Miguu yenyewe ni minane, na ile miwili ya mbele ni myembamba, haikanyagi sana, inatangulia tu kugusagusa njia.

Mbele ya kichwa ana taya mbili kubwa kama koleo mbili zilizolala sambamba, kila moja ikifunguka juu na chini. Alipopewa mende, koleo moja ilishika na nyingine ikasonga mbele, zikipokezana, mpaka mende akawa uji. Lakini kilichonishangaza zaidi kipo chini ya miguu ya nyuma: kila mguu una vijiko vitano vidogo vyeupe vinavyoning'inia karibu na ardhi. Kwa vijiko hivyo hunusa ardhi anapopita. Nimefundisha sayansi miaka mingi, na sijaona kitu kizuri kuliko vijiko vile.

Mkubwa akibanwa anaweza kuuma, na anauma kweli. Osha jeraha kwa maji na sabuni. Ila usimuue, maana usiku anakula mchwa na mende wa nyumba yako bure.

Nakuomba jambo moja. Akitokea tena, mpige picha kutoka juu ukiweka sarafu ya shilingi ishirini kando yake, kisha uandike tarehe, saa, aina ya udongo na mti ulio karibu. Jina la mti liandike kama mnavyoliita nyumbani. Ukiandika ewoi, esekon au eengol, sisi tutajua ni mgunga, mswaki au mkoma.

SWALI: Mwalimu, mimi natoka Fizi, kwetu ni ziwa na misitu. Hapa Kakuma mvua ya kwanza ikinyesha, mchanga unajaa vidudu vyekundu vyororo kama kitambaa. Watoto wanavikusanya kwenye vikopo. Kesho yake havipo. Vinatoka wapi?
Baba Furaha, Kakuma

JIBU: Kaka, hao ni utitiri wa mahameli, ndugu wa kupe, lakini hawanyonyi damu ya mtu. Watoto wasivitie mdomoni tu, maana wekundu ule ni onyo kwa ndege kwamba nyama yake ni mbaya. Sehemu kubwa ya mwaka wamekaa chini ya ardhi. Mvua iliyowatoa wao ndiyo inayotoa kumbikumbi, na kumbikumbi ndio karamu yao. Wakishiba na kupandana, wanarudi chini. Watoto wao wana miguu sita na husafiri wakiwa wamejishikiza kwenye miili ya panzi, kwa hiyo panzi mwenye vitone vyekundu shingoni mkague vizuri.

Mvua ijayo niandikie ilinyesha saa ngapi na cha kwanza ulikiona saa ngapi.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Marsabit. Nina daftari la wadudu lakini si mtaalamu. Lina faida yoyote? Na ni kweli nge hung'aa usiku?
Msomaji, Marsabit

JIBU: Binti yangu, lina faida hata kama si mtaalamu. Makumbusho ya Taifa pale Nairobi yalianza mwaka 1910 kwa vitu vya chama kilichoundwa mwaka uliotangulia, na wengi wa wanachama walikuwa wapenzi wa viumbe tu. Programu ya iNaturalist, ambamo watu huweka picha za viumbe walivyoviona, nayo ilianza mwaka 2008 kama kazi ya masomo ya wanafunzi wa Berkeley, Marekani. Ukipata simu ya kuazima, weka picha zako humo; utapiga leo na kuzipandisha siku utakayopata mtandao. Daftari usiliache, kwa sababu picha haisemi kama upepo ulikuwa unavuma.

Ni kweli nge hung'aa, kijani kama cha samawati, lakini ni pale tu anapomulikwa kwa mwanga maalumu. Kaazime ile tochi ya zambarau ambayo wenye maduka hukagulia noti bandia, utoke usiku usio na mbalamwezi, na mtu mzima, mkiwa mmevaa buti. Mwenye magando membamba na mkia mnene mkae naye mbali, huyo ndiye mwenye sumu nzito. Tena angalia: nge aliyetoka kujivua ngozi hang'ai mpaka ngozi mpya ikakamae. Ukimwona mmoja amefifia kando ya ganda linalowaka, andika saa.