Maji yanapita kando ya ukuta: je, tuuinue?

Swali: Mhandisi, kijiji chetu kiko Kaunti ya Vihiga. Tulichanga wenyewe, tukaijengea chemchemi yetu ukuta na kuweka bomba. Mwanzoni maji yalitoka vizuri. Sasa bomba linachuruza tu, na maji yanachimbuka pembeni kwenye shamba la jirani, naye ameanza kusema chemchemi ni yake. Fundi anataka tuchange tena ili auinue ukuta. Tufanyeje? (Katibu, kamati ya maji)

Jibu: Katibu, msichange kwanza. Mkiuinua ukuta mtazidi kuyafukuza hayo maji. Maji ya chemchemi hutoka ardhini kwa nguvu ndogo, na yakikuta kizuizi hutafuta njia nyingine. Ninachoshuku kwanza ni kimo cha bomba. Mafundi wengi hulipandisha ili mtungi wa lita 20 uingie chini yake, kwa hiyo maji hulazimika kupanda nyuma ya ukuta ndipo yatoke. Bomba linatakiwa liwe chini kidogo ya pale maji yalipokuwa yakisimama kabla hamjajenga. Anayeshuka ni mtekaji: chimbeni sakafu ya kutekea, jengeni ngazi, na mtoe mfereji wa maji yanayomwagika. Miteremko yenu inasaidia. Kwenye Uwanda wa Kano, ulio tambarare, kazi hii ingewatoa jasho.

Inawezekana pia msingi haukufika kwenye udongo wa mfinyanzi au mwamba, maji yakapenya chini yake, au mawe ya nyuma yamezibwa na tope na mizizi. Hamtajua mpaka mfukue.

Kabla ya kushika jembe, pimeni. Mtungi wa lita 20 ukijaa kwa sekunde 40, mna nusu lita kwa sekunde. Yakusanyeni na yale ya pembeni, myapime vilevile, muandike. Mkimaliza kazi, bomba lisipotoa karibu jumla hiyo, bado kuna panapovuja.

Fukueni Januari au Februari, kabla ya mvua ndefu. Waiteni kina mama waliokuwa wakiteka hapo zamani wawaonyeshe jicho, yaani pale maji yanapochimbuka, lilipokuwa. Fundi hawezi kulijua kuliko wao, na hata mimi siwezi. Anzeni juu, taratibu, na msipige mtaimbo kwenye mfinyanzi ulio chini ya jicho. Ukitoboka, maji yanaweza kuzama moja kwa moja. Kisha rudisheni mawe makubwa yaliyooshwa, kokoto juu yake, karatasi ya nailoni, mfinyanzi ulioshindiliwa, halafu udongo na nyasi. Mti wowote usipandwe hapo, na kama kuna blugamu (mkaratusi) karibu, kateni.

Kuhusu jirani, ana haki nusu. Kwa Sheria ya Maji ya 2016, maji yako mikononi mwa serikali kwa niaba ya wananchi, lakini ardhi ni yake. Kumpelekea sheria kabla ya salamu kutawaharibia. Kaeni naye mbele ya liguru, yaani mzee wa kijiji, mwandike makubaliano: njia ya kupita, na kwamba upande wa juu hapatachimbwa choo ndani ya mita 30. Nanyi mpeni kitu. Mfereji wa maji yanayomwagika unaweza kuelekezwa kwenye nduma zake, na hilo halitawagharimu hata shilingi.

Baada ya ukarabati, chemsheni maji mpaka afisa wa afya ya umma ayapime. Hata yakipita, msiisahau mitungi. Utafiti wa chemchemi za Busia uliochapishwa 2011 ulionyesha kuwa kuzijengea kulipunguza uchafu wa kinyesi kwa takriban thuluthi mbili pale maji yanapotoka, lakini nyumbani ukapungua kwa robo hivi tu. Zikibaki pesa, nunueni klorini kabla ya rangi ya ukuta.