Ditekta kwenye ardhi iliyojaa misumari

Mtu ananunua ditekta ya mamilioni, yaani mashine ya kutafutia dhahabu ardhini, anaenda nayo kwenye vifusi vya mgodi wa zamani wa Sekenke, Iramba, au kwenye korongo lililo chini ya kijiji, na ikifika saa nne asubuhi ameshachimbua misumari 40, vizibo vya soda na kipande cha jembe. Saa tano anawasha kichujio cha chuma ili mashine inyamaze. Inanyamaza kweli, ila dhahabu nayo inanyamazishwa humo humo.

Koili, ile sahani ya chini ya ditekta, haisikii kitu kimoja kimoja. Inasikia kwa mpigo kila kilicho chini ya upana wake. Msumari wa inchi 4 na punje ya dhahabu ya nusu gramu vikiwa sentimita 5 tu kutoka kimoja hadi kingine, kwa koili ya inchi 11 hivyo ni kitu kimoja, na mwenye sauti nene ni msumari. Ukishaiambia mashine izibe chuma, inaziba mlio mzima, kisha inahitaji kitambo kidogo kurudi katika hali yake. Ndani ya kitambo hicho koili imeshaipita punje. Isitoshe, kwenye udongo mwekundu wa moramu kama wa Manyoni na Iramba, dhahabu ndogo yenyewe husomeka kama chuma, kwa sababu chuma kilichomo kwenye udongo huivuta chini namba yake ya kwenye skrini. Kwa hiyo kwenye uchafu mwingi weka kichujio chini kabisa au kizime, uiachie mashine itoe sauti nzito kwa chuma na nyembamba kwa vingine. Sikio lichuje, halafu chuma chenyewe kiondolewe pale kilipo.

Kukiondoa kunaanza kabla hujawasha ditekta. Tafuta sumaku za spika mbovu za redio, mbili au tatu, zifunge kwenye ubao wa nusu mita na uuvalishe ubao huo mfuko mgumu wa plastiki. Uburute polepole ukiwa sentimita 2 juu ya ardhi, baada ya kulegeza udongo wa juu kwa reki. Ukishajaa, chomoa ubao kwenye mfuko juu ya ndoo: misumari na vipande vya waya wa bainding vinaanguka vyenyewe, wala huhitaji kubandua kimoja kimoja. Vaa glavu ngumu, pepopunda haina mzaha. Na usimwage takataka hizo pembeni, maana kesho utazikuta tena; mnunuzi wa chuma chakavu anazipokea kwa kilo, na mara nyingi hela ya betri inatoka hapo hapo.

Gawa eneo kwa kamba ya manila, mita 5 kwa 5. Eneo dogo namna hii linaonekana la kitoto, lakini kwenye uchafu mzito likifanywa sawasawa linakula siku nzima.

Koili ndogo ndiyo kifaa cha kwanza cha kununua baada ya ditekta yenyewe. Inchi 5 au 6 inapoteza kina, ndiyo, ila inapita katikati ya misumari miwili ambayo koili kubwa ingeiunganisha. Ile ya DD, yenye nyaya mbili za umbo la herufi D, inasikia kwa mstari mwembamba kutoka mbele kwenda nyuma, hivyo inatenganisha vizuri na kuuvumilia udongo wenye chuma. Ile ya duara ndani ya duara inatambua vizibo vya soda vizuri zaidi lakini inapiga kelele kwenye moramu. Kwa Kanda ya Kati, DD.

Kuhusu aina ya mashine, wengi wanakimbilia PI, inayotuma umeme kwa mapigo, kwa sababu inaenda chini na haisumbuliwi na udongo. Ni kweli, lakini uwezo wake wa kubagua chuma ni hafifu, na msumari uliolala unapiga kama dhahabu ya ndoto. Safisha kwanza kwa mashine ya VLF, inayotuma mawimbi mfululizo, ya masafa ya juu, kwa mfano ya kilohezi 45, kisha rudi na PI kutafuta kilicho chini zaidi. Kuanza na PI penye vifusi vya zamani ni kujitafutia maumivu ya mgongo.

Kabla ya kusawazisha mashine na udongo, tafuta sehemu isiyo na chuma. Hapa ndipo wengi wanaharibu: wanapandisha na kushusha koili juu ya msumari uliofukiwa, mashine inajifunza msumari badala ya ardhi, na siku nzima inakuwa kiziwi. Pandisha na kushusha kati ya sentimita 20 na 3, sogea hatua mbili, rudia. Majibu yakilingana, umepata. Kisha ongeza usikivu mpaka mashine ianze kunong'ona ovyo, halafu rudisha nyuma ngazi mbili. Ikinong'ona hata koili ikiwa imetulia hewani, udongo hauna kosa: zima simu, na angalia kama uko jirani na nyaya za umeme mkubwa au za reli ya SGR. Buti zenye chuma mbele, pete na sururu navyo vikae mbali na koili.

Koili ipite karibu na ardhi, polepole, sekunde 4 kwa upana wa mita moja, na kila mpito ufunike nusu ya uliotangulia. Ukisikia sauti nyembamba ndani ya milio mizito, simama hapo, punguza mwendo mpaka unachezesha koili sentimita 10 tu huku na huku. Geuka robo duara upite tena. Msumari hubadilika: upande huu unalia vizuri, upande ule unakatika au unatoa milio miwili. Punje hubaki ile ile. Ukitafuta kitovu cha sauti kikawa sentimita kadhaa pembeni ya pale uliposikia, huo ni msumari unadanganya kwa ncha yake. Kizibo cha soda ni mjanja zaidi, kwa kuwa ni bati jembamba na bapa linalotoa namba nzuri. Vuta koili nyuma polepole mpaka ncha yake ya mbele iwe inakaribia kukiacha. Kizibo kitakwaruza kwa sauti nzito mwishoni.

Majaribio haya yanasaidia kuamua uanze na lipi, hayakupi ruhusa ya kuacha mlio mdogo mahali penye dhahabu. Kwangua sentimita 3 za juu kwa buti. Mlio ukihama, kilikuwa juu juu na huenda ni waya. Ukibaki, chimba pembeni yake. Udongo utie kwenye karai la plastiki, chota kwa kikombe cha plastiki, pitisha juu ya koili. Kikombe kikilia, gawa nusu kwa nusu mpaka ubaki na kijiko kimoja. Sumaku ndiyo ya mwisho kusema, ila jiwe la dhahabu lenye chuma ndani linaweza kuvutwa kidogo, kwa hiyo angalia kabla ya kutupa.

Kisha, kabla hujafukia, pitisha koili kwenye shimo tena. Penye misumari mingi, hatua hii moja ina thamani kuliko nyingine zote, kwa kuwa kile ulichotoa ndicho kilichokuwa kimeficha kingine.

Ukitaka kulijua sikio lako, fanya zoezi nyumbani. Chukua kipande cha risasi ya kuvulia samaki cha nusu gramu, ambacho hulia karibu na dhahabu ndogo, na kifukie sentimita 5. Weka msumari kando yake kwa sentimita 10, kisha 5, kisha juu yake kabisa. Utasikia mwenyewe risasi inapozama.

Vifusi vya Sekenke vina chuma cha tangu enzi za Wajerumani. Dhahabu ya pale ndiyo iliyopigiwa sarafu za rupia 15 Tabora mwaka 1916. Misumari ya zamani imeoza na kutia kutu udongo unaoizunguka, hivyo inalia kubwa kuliko ilivyo na inavunjika ukiichimba. Angalia pia maduara ya zamani, yaani mashimo ya wachimbaji, yaliyofunikwa na nyasi, na usiingie eneo la mtu mwenye leseni ya uchimbaji mdogo bila kukubaliana naye. Pembezoni mwa ziwa Singidani shida ni nyingine: chumvi yenye unyevu hulia kama dhahabu nyembamba, na mashine ya masafa mamoja itakuchosha. Pale ingia kiangazi udongo ukiwa mkavu, au na mashine ya masafa mengi.

Kwenye korongo, chuma ni dira. Mchanga una uzito wa takriban mara 2.6 wa maji, chuma karibu 8, risasi 11, dhahabu 19. Maji ya masika yakipungua nguvu, vizito hudondoka pamoja: kona ya ndani, nyuma ya jiwe kubwa, kwenye nyufa za mwamba. Ukikuta misumari na vipande vya risasi vimerundikana kwenye ufa, usihame. Toa chuma chote, kwangua ufa mpaka mwamba mtupu, na mchanga wote wa humo utie kwenye karai.