Kuamsha injini ya pikipiki kuukuu kwenye baridi ya Molo

Molo iko zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na saa kumi na moja alfajiri tangi la pikipiki huuma vidole ukiligusa. Yangu ni Honda CG125 ya zamani, ya kiki na kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Niliinunua Kisumu kwa mzee mmoja aliyeitunza vizuri, na kule ziwani ilikuwa ikishika kwa kiki moja. Huku nilipiga kiki mpaka jasho likanitoka. Ikishika tu, nilikuwa naivutia mafuta hadi mwisho ili ipate joto upesi.

Haikumaliza mwaka kabla ya kuanza kutoa moshi wa samawati. Fundi alipofungua, ringi za pistoni zilikuwa zimekwisha, na ukuta wa silinda una mikwaruzo ambayo ukipitisha ukucha inanasa. Silinda ikachongwa, pistoni ikawekwa mpya, na pesa nilizokuwa nimeziweka za mbegu za viazi zikaishia hapo.

Fundi alinieleza huku akinionyesha ile pistoni. Usiku kucha oili huteremka chini, na vyuma vya juu hubaki na utando mwembamba tu. Hata ile ya 20W-50 tunayoweka wengi, ikiwa baridi ni nzito, huchukua muda kupanda. Tena pistoni ni alumini, nayo hutanuka haraka kuliko chuma cha silinda. Ukipiga resi wakati huo, pistoni inavimba na silinda bado haijafuata, huku oili yenyewe haijafika.

Sasa kitu cha kwanza ni kuitoa nje. Najua wengi wetu tunalala na pikipiki ndani kwa kuogopa wezi, hata mimi. Lakini tafadhali, usiiwashe ndani hata kwa dakika moja, hata mlango ukiwa wazi. Moshi wa ekzosi una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na choki ikivutwa huzidi. Watoto wamelala hapo. Isukume mpaka uani.

Uani nafungua petroli na kuvuta choki. Kabla ya kuwasha swichi nashusha kiki taratibu mara tatu au nne, injini izunguke na oili ianze kusogea. Kisha swichi, na kiki moja ya nguvu bila kugusa mkono wa mafuta. Ikikubali, naiacha ingurume yenyewe.

Choki ndiyo inayoharibu injini nyingi. Petroli baridi haigeuki mvuke kwa urahisi, kwa hiyo choki hubana hewa ili petroli iwe nyingi kwenye mchanganyiko. Hiyo ni ya kuwashia. Ukiisahau, petroli ya ziada huosha oili kwenye ukuta wa silinda na plagi hujaa masizi. Mimi naanza kuirudisha baada ya nusu dakika hivi, nikisikiliza. Sauti ikizama naivuta tena kidogo. Ikitulia nairudisha kabisa. Na huku juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo kabureta iliyopangwa Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, tayari inatoa petroli kupita kiasi. Fundi aliniwekea jeti, yaani kitundu cha kupitishia petroli, ndogo zaidi, na plagi iliyokuwa ikitoka nyeusi tii sasa hutoka kahawia, rangi ya chai ya maziwa.

Dakika moja inatosha, au mbili umande ukiwa umeganda kwenye nyasi. Kuiacha ikinguruma robo saa uani si kuitunza. Gia na tairi hazipati joto mpaka zizunguke. Na kabla hata ya kuiwasha, huwa naweka gia, nabana klachi na kuisukuma mbele na nyuma, kisha naitoa gia, maana sahani za klachi hugandana usiku. Utahisi zinaachia. Ukiruka hatua hiyo, gia ya kwanza itaingia kwa kishindo.

Kilomita tatu za kwanza, barabara ya kuelekea Elburgon, sivuti mafuta zaidi ya nusu. Abiria akiniharakisha namwambia, "Mama, nipe dakika chache ipate joto, tutafika." Hakuna aliyewahi kushuka.

Wewe ambaye safari zako ni za kilomita moja moja, chungulia kifuniko cha oili. Ukiona ute mweupe kama maziwa, ni mvuke wa maji uliokosa joto la kuutoa. Iendeshe safari ndefu, na ubadilishe oili mapema.

Na ukitaka fundi akupimie valvu, usimpelekee pikipiki ukitoka barabarani. Hupimwa injini ikiwa baridi kabisa. Yangu huwa naiacha kwake jioni, aipime asubuhi kabla mtu yeyote hajagusa kiki.