Harusi ndogo Jambiani, mbali na nyumbani: je, inafaa?

SWALI

Assalaam alaykum warahmatullah, Sheikh. Mimi ni binti, kwetu Tanga, ila nafanya kazi Dar es Salaam. Nimeposwa, na mazungumzo ya mahari yamekwisha salama. Mimi na mchumba wangu hatutaki harusi ya kamati, ukumbi na watu mia nne. Tumefikiria kukodi nyumba ya wageni Jambiani, Unguja, kwa siku tatu. Wageni wawe arubaini tu, ndugu wa karibu na marafiki. Akdi, yaani tendo lenyewe la kufunga ndoa, ifanyike ufukweni jioni jua likizama, halafu tule na kupumzika pamoja. Kila mgeni atajilipia boti na chumba. Mama amekataa. Anasema tunaificha harusi, na kwamba yeye amewachangia wenzake miaka yote, leo na wao wamchangie. Baba ameridhia, lakini miguu haimruhusu kusafiri, anasema ataniozesha kwa simu ya video. Je, mpango huu unafaa kisheria?

JIBU

Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na masahaba zake.

Binti yangu, nianze na lililo jepesi, nalo ni mahali. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya watu wetu wa pwani, nguzo za ndoa ni tano: mume, mke, walii (msimamizi wa bibi harusi anayemuozesha), mashahidi wawili, na tamko la kuozesha na kukubali. Msikiti haumo, ukumbi haumo, na ufukwe haumo. Wanazuoni wamependelea akdi ifungwe msikitini, lakini hadithi inayoamrisha hivyo, iliyoko katika kitabu cha hadithi cha Tirmidhi, mapokezi yake ni dhaifu. Kwa hiyo ni jambo la kupendeza, wala si sharti. Mtume (s.a.w.) mwenyewe ameoa akiwa safarini. Mwaka wa 7 Hijria, katika safari ya Umra, alimuoa Bi Maymuna na akaanza kukaa naye kama mke huko Sarif, nje ya Makka. Mwaka huohuo alimuoa Bi Safiyya njiani akitoka Khaybar kurudi Madina, na msafara ukakaa siku tatu kwa ajili hiyo. Basi mtu asikuambie kwamba ndoa ya mbali na nyumbani ni uzushi.

Uchache wa watu nao hauna neno. Abdurrahman bin Auf ni mmoja wa masahaba kumi waliobashiriwa Pepo. Alioa Madina, mji mdogo, na Mtume (s.a.w.) hakuwa na habari mpaka alipomwona na alama ya zafarani, manukato ya harusi. Akamuuliza kulikoni, akasema ameoa. Hakumwambia "mbona hukunialika?" Alimwombea baraka na akamwambia afanye walima, yaani karamu ya ndoa, japo kwa mbuzi mmoja. Hadithi hii iko kwa Bukhari na Muslim. Nikiisoma huwa nawakumbuka watu wetu wanaonuniana miaka mitano kwa sababu ya kadi moja. Neno la mama kwamba mnaficha halisimami kifiqhi, yaani katika sheria ya dini, kwa kuwa ndoa ya siri iliyowashughulisha mafakihi, wanazuoni wa sheria hiyo, ni ile ambayo hata mashahidi huagizwa wanyamaze. Watu arubaini, dufu linapigwa, picha zinasambaa kabla pilau haijapoa, siri hapo iko wapi?

Taabu yangu iko kwenye sentensi uliyoipitisha haraka: "kila mgeni atajilipia boti na chumba."

Abu Hurayra (r.a.) amesimulia kwamba chakula kiovu zaidi ni chakula cha walima wanachoalikwa matajiri na kuachwa masikini. Sasa tazama orodha yako kwa jicho hilo. Umesema "ndugu wa karibu". Lakini ukimtaka mtu alipe nauli ya boti kwenda na kurudi, gari la kumfikisha Jambiani na chumba cha siku tatu, ukaribu wa damu umeshaondoka kwenye kipimo na kilichobaki ni mfuko. Shangazi yako anayeuza vitumbua Ngamiani hatakuja. Rafiki wa kazini mwenye mshahara mzuri atakuja. Hukumtenga shangazi kwa makusudi, najua, ila mpango umemtenga kwa niaba yako, na yeye atalijua hilo kabla yako. Harusi ya namna hii huitwa ndogo kwa kuhesabu vichwa, lakini gharama haikupungua, imehamishiwa kwa wageni tu.

Rudi kwenye ile walima ya Bi Safiyya. Anas (r.a.) anasimulia kwamba haikuwa na mkate wala nyama. Zilitandikwa ngozi chini, zikawekwa tende, maziwa ya kukausha na samli. Katika mapokezi mengine Mtume (s.a.w.) alisema aliye na kitu akilete; huyu akaja na tende, yule na samli, vikachanganywa, na hiyo ndiyo ikawa walima. Ilikuwa harusi ya safarini, nyepesi kuliko unayoipanga wewe, lakini kila aliyekuwa katika msafara alikula, na aliyechanga alitoa alichokuwa nacho mkononi. Hapakuwa na kiwango cha kadi ya mmoja na kadi ya wawili.

Kwa hiyo nakushauri mpige hesabu upya. Yule mnayemtaka awepo Jambiani, mbebeni nyinyi: nauli, malazi na chakula. Kama uwezo ni wa watu kumi na tano, wawe kumi na tano. Na walima isiishie ndani ya ua wa nyumba ya wageni. Jambiani ni kijiji cha Waislamu, kina misikiti na madrasa, kina akina mama wanaolima mwani maji yakitoka. Mwoneni imamu wa msikiti wa jirani siku mbili kabla, mpeni gharama ya sufuria kubwa la pilau, watoto wa madrasa na wazee wa mtaa wale. Fedha hiyo ni ndogo kuliko ya mpiga picha, na hukumu ya walima yenu itabadilika.

Jambo moja la kuwapunguzia watu uzito. Kuitika mwaliko wa walima ya ndoa ni wajibu kwa aliyealikwa mwenyewe bila udhuru, na hadithi yake ni sahihi. Lakini umbali wenye mashaka, maradhi na kukosa nauli ni nyudhuru. Asiyefika asihesabiwe kuwa amekususa, na usimwandikie ujumbe wa kumlaumu.

Tuje kwa baba. Kuozesha kwa simu ya video nakukataza. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa, baraza la wanazuoni wa sheria, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1990, iliruhusu mikataba ya biashara kwa vyombo vya mawasiliano lakini ikaivua ndoa, kwa sababu ndoa inahitaji mashahidi walisikie tamko kwa yakini. Wapo wanazuoni wa leo wanaolegeza, nami siwatukani, ila tupu za watu hazihalalishwi kwa mtandao unaokatika katikati ya "nimekuoza". Tena hakuna dharura. Baba anaweza kumweka mtu awe wakili wake, kaka yako au sheikh wa huko, amwambie wazi: "Nakuwakilisha umuozeshe binti yangu fulani kwa fulani kwa mahari kadhaa." Wakala huu hata kwa simu unafaa, maana uwakilishi hauna sharti la mashahidi. Kisha wakili, mume na mashahidi wawili waadilifu wakae kikao kimoja.

Hata hivyo lipo bora kuliko hilo. Fungeni akdi Tanga. Alhamisi baada ya Alasiri au Ijumaa baada ya sala, msikiti wa mtaani kwenu, baba akae kwenye kiti chake, amshike mkwewe mkono na kukuozesha kwa ulimi wake. Watu wanywe kahawa na halua, waondoke. Jirani asiyeweza kwenda Unguja ameshashuhudia, shangazi ameshapiga vigelegele, na mama hana la kuambiwa na wenzake. Jambiani iwe ya walima, na walima baada ya mke kuingia kwa mumewe ndiyo mwendo wa Mtume (s.a.w.) mwenyewe.

Mtaondokana pia na tatizo ambalo hukulitaja. Kwa mpango wa kwanza, wewe na mchumba wako mnapanda boti moja na kufikia nyumba moja mkiwa bado ni ajinabi, yaani watu baki wasiohalalishiana, na uchumba hauhalalishi faragha wala safari ya wawili. Ungehitaji maharimu wako, yaani ndugu wa kiume wasioweza kukuoa, tangu bandarini. Ikiwa akdi imefungwa Tanga, unasafiri na mumeo.

Hata upande wa serikali ni rahisi zaidi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ni ya Tanzania Bara, na inataka taarifa itolewe kwa msajili siku 21 kabla. Zanzibar ina utaratibu wake na makadhi wake. Ndoa ikifungwa Tanga mtamaliza karatasi hukohuko mlikojulikana. Mkishikilia Unguja, ulizeni ofisi ya kadhi kule wiki kadhaa kabla, msingoje mkiwa mmeshavaa.

Kuhusu nyumba yenyewe. Nyumba nyingi za wageni za ukanda ule zinauza pombe. Tirmidhi amepokea kwamba anayemwamini Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho asikae kwenye meza inayozungushwa pombe. Kodini nyumba nzima badala ya vyumba katika hoteli, na muandike katika makubaliano kwamba siku zenu hakuna pombe na hakuna wageni wengine. Wanawake wawe na ua wao wapate kucheza na kuimba kwa raha, na simu za picha zikae nje ya ua huo. Dufu na nyimbo njema ni halali, Bukhari amepokea wasichana wakipiga dufu kwenye harusi ya Rubayyi bint Muawwidh mbele ya Mtume (s.a.w.). Sitaki harusi yenu iwe kimya kama msiba.

Na hiyo picha ya jua likizama: Jambiani iko mashariki ya kisiwa, jua linachomoza baharini na kuzama nyuma ya minazi. Wanaotaka machweo ya baharini huenda Nungwi. Kokote muendako, wakati huo ni wa Magharibi, na Magharibi ni fupi. Nimeona maharusi wamesimamishwa na mpiga picha mpaka Isha ikaadhiniwa. Pigeni picha alfajiri baada ya sala, mwanga ni mzuri na watalii wamelala. Mnaotoka Tanga au Dar mnaruhusiwa kupunguza Adhuhuri, Alasiri na Isha rakaa mbilimbili, kwa kuwa umbali umepita marhala mbili (mwendo wa siku mbili kwa ngamia) na kukaa kwenu hakufiki siku nne. Magharibi haipunguzwi.

Nimebakiza mama, maana ndiye mgumu. Michango aliyotoa, mafakihi wa Kishafi waliijadili zamani katika fedha zinazotolewa harusini: wapo walioihesabu zawadi, wapo walioihesabu mkopo, na wengi wakairejesha kwenye ada ya mahali. Kwetu mtu hutoa akitarajia, lakini haandiki deni wala hadai barazani. Naiona ni zawadi, na zawadi haidaiwi. Mama asijione ameibiwa. Lakini hoja ya fiqhi haitamtuliza, kwa sababu sidhani kama anazitafuta fedha. Anataka siku moja wenzake waje kwake, kama yeye alivyokwenda kwao. Mpe siku hiyo Tanga. Nenda mwenyewe, usimtumie ujumbe, umuulize ni akina nani anaotaka wale kwake, na muwapikie hao, hata ikibidi Jambiani ipungue siku moja.

Mama si walii, na kukataa kwake hakubatilishi ndoa ambayo baba ameridhia. Walakini usiitumie hukumu hii kama ngao. Mkishafanya yote haya naye bado hataki kusikia habari ya Jambiani, basi oaneni Tanga na muiahirishe Jambiani. Nyumba ya kukodi itakuwepo mwakani.

Wallahu aalam.