Fulana ya tamasha kwa bei ya kuruka: nani wa kumlipa, nani wa kumpita

Siku ya tamasha, nje ya Uwanja wa Sokoine hapa Mbeya, fulana iliyotangazwa kwa elfu thelathini utaikuta inaitwa elfu tisini kabla hata msanii hajapanda jukwaani. Anayekuuzia ni shabiki mwenzako. Kavaa moja, nyingine nne ziko kwenye begi, na nyimbo anazijua kukuzidi wewe. Mimi nauza nguo Mwanjelwa, na ushabiki wa muziki niliuanza kabla ya biashara, kwa hiyo jambo hili nalijua pande zote: nimepanga foleni, nimeagiza Dar, nimeuza kwa cha juu, nimegoma kununua. Wadogo zangu wa vyuoni hawachoki kuniuliza kama walipe au waache. Jibu langu ni lilelile: inategemea huyo unayemlipa amefanya kazi gani.

Wapo wanaosafiri. Dar ni zaidi ya kilomita 800 kutoka hapa. Mtu anapanda basi, anapanga foleni kwenye onyesho ambalo huku halitafika, anarudi na mzigo. Huyo amekufanyia kazi, na kazi ina malipo. Halafu yupo yule aliyewahi meza ya hapahapa, ile ambayo waandaaji wanauzia fulana kwa bei iliyotangazwa, akachukua kumi huku nyuma yake kuna watu mia, akasogea hatua chache nje ya geti na kuwauzia walewale aliowatangulia. Fulana ilikuwa Mbeya kabla yake na ingekuwa Mbeya bila yeye. Ameziba njia tu, na sasa anatoza ya kupita. Wa kwanza namlipa na soda namnunulia. Wa pili nampita, hata kama fulana naitaka kweli.

Utaijuaje bei ya haki? Piga hesabu za kisokoni. Chukua mtu aliyeleta fulana ishirini kutoka Dar, kila moja kanunua elfu thelathini. Nauli ya kwenda na kurudi, chakula cha njiani, bodaboda na usiku mmoja wa gesti, tuweke laki na sitini. Gawa kwa ishirini, unapata elfu nane kwa kila fulana. Mpe na faida ya elfu saba, maana naye ana watoto. Umefika elfu arobaini na tano. Akikwambia hamsini, mnaweza kuzungumza. Akikwambia tisini, hapo hakuna nauli wala gesti tena, kuna mtu anayekusoma hamu yako usoni. Na wanasoma vizuri. Ukifika umevaa kofia ya msanii, ukaishika fulana kwa mikono miwili, bei imepanda kabla hujafungua mdomo. Mimi nikienda kununua naenda na sura ya mtu anayetafuta choo.

Ninapouza zangu naandika bei ya mezani kwenye tangazo lenyewe, chini yake bei yangu. Majirani zangu sokoni waliniona kichaa. Siku moja alikuja mama mmoja kumtafutia binti yake zawadi ya kumaliza kidato cha nne. Akasoma kile kikaratasi, akaguna.

"Mwanangu, umenunua thelathini, unaniuzia arobaini na tano, na umeandika mwenyewe?"

"Ndiyo mama. Hiyo ya katikati ni basi na njaa."

Alicheka sana, akaomba nipunguze elfu mbili, nikapunguza. Mteja akijua ulichokitumia habishani na wewe kama mwizi. Kwa hiyo na wewe ukiwa mnunuzi, uliza tu bila aibu: hii mezani ilikuwa ngapi? Aliyesafiri atakutajia bei na foleni ilivyokuwa, hadi alivyonyeshewa. Mwingine ataanza kukwambia zimebaki mbili.

Kinachonichekesha ni kwamba uwanja wenyewe una jina la Edward Sokoine, Waziri Mkuu aliyesimamia msako wa walanguzi na wahujumu uchumi mwaka 1983. Wakati huo vilivyokuwa vinafichwa ni sukari, sabuni na khanga, na wazee bado wanasimulia jinsi watu walivyotupa mali usiku wakiogopa kukutwa nayo. Leo, ukutani kwa uwanja wenye jina lake, kijana kaficha hudi tano, zile sweta nzito zenye kofia, nyuma ya pikipiki akisubiri meza iishiwe. Ila wewe usingoje msako. Hakuna anayekufa kwa kukosa fulana, na anayeuza mali yake halali kwa bei ya juu ni vigumu kupata ofisi ya kumshitaki. Hata Japani, waliotunga sheria ya kuzuia ulanguzi wa matamasha ikaanza kazi Juni 2019, waliibana tiketi, siyo fulana. Na Marekani mwaka 2023, kwenye ziara ya Eras ya Taylor Swift, mashabiki walikesha kwenye foleni kwa sweta la buluu la dola 65, na muda si mrefu sweta hilo likawa linauzwa tena mtandaoni kwa mara kadhaa ya bei hiyo. Wenye pesa zao na sheria zao yamewakuta, sembuse sisi.

Dawa iliyopo ni kusubiri. Bei ya usiku ule inashikiliwa na picha za watu mtandaoni na hofu ya kuonekana hukuwepo. Picha zikishachuja, wiki mbili tatu hivi, mwenye mzigo anaanza kudaiwa kodi ya chumba, na bei inaporomoka kama ya nyanya za Ilula msimu ukichanganya. Nimeshaletewa dukani kwangu, mwisho wa mwezi, fulana zilezile zilizokuwa zinaitwa tisini getini, mwenyewe anaomba nimpe thelathini na tano aondoke. Mzunguko wenyewe pia unakusaidia: tamasha likitoka Mbeya mara nyingi linaendelea, Iringa, Njombe, Songea au Sumbawanga, na mwandaaji mwenye akili hamalizi mzigo wote kituo kimoja. Kama una shangazi Iringa, huu ndio wakati wa kumkumbuka. Mpigie, anza na salamu ya kwao, kamwene, muulize habari za shamba na za wajukuu, ndipo umwombe amtume binamu yako mezani mchana, watu wakiwa bado wanafunga spika.

Subira hiyo haifanyi kazi kwa kila kitu. Fulana iliyoandikwa jina la mji na tarehe mgongoni ni ya siku ile. Yenye neno Mbeya haitauzwa Iringa, na haichapishwi upya. Hiyo kama unaitaka, wahi mezani mwenyewe mchana na pesa mkononi, au ukubali kwamba utalipa zaidi baadaye na uamue kiwango chako ukiwa nyumbani, kabla ya muziki kukulewesha. Mimi kiwango changu ni mara moja na nusu ya bei ya mezani. Zaidi ya hapo naangalia kwa macho.

Sasa hudi, na hapa ndipo watu wa Nyanda za Juu Kusini tunapoumizwa. Kwetu hudi ni nguo ya lazima. Juni na Julai pale Uyole unaongea na moshi unatoka mdomoni, na huko Makete na Njombe kuna asubuhi umande unaganda kwenye majani. Kwa hiyo hudi zikiwa chache mezani, zinaisha kabla ya fulana, na mlanguzi analijua hilo, anaanza nazo. Dar ni kinyume. Na joto lao lile, nimekuta hudi zimebaki mwisho wa onyesho, muuzaji anakubembeleza uchukue. Ndiyo maana mtu wangu akienda Dar simwagizi fulana. Namwagiza hudi, tena nampa hela kabla hajapanda basi, maana akiweka yake atarudi na maneno mengi.

Bei ikishapanda, feki haichelewi. Mashine za kuchapisha zipo mjini, na fundi mwenye picha nzuri kwenye simu anaweza kukutolea nakala kesho yake. Kuna kijana aliniletea moja akiapa kwa mama yake kwamba ni OG, yaani ile halisi. Nikaitandaza juu ya meza. Maandishi ya mgongoni yalikuwa yanapanda kidogo kuelekea bega la kulia, na herufi za pembeni zilikuwa nyembamba kuliko za katikati. Mwenye kuchapisha alikuwa amenakili kutoka kwenye picha ya mtu aliyesimama upande, na mkunjo wa fulana ya yule mtu umeingia kwenye chapa pamoja na maneno. Ule mstari mdogo wa tarehe chini kabisa ulikuwa ukungu mtupu. Nilimrudishia bila maneno mengi, naye hakubisha.

Basi angalia hivyo: mstari mdogo kabisa kwanza, kisha kama maandishi yamenyooka, kisha ndani ya shingo kama lebo imeshonwa au imegundishwa. Ukiwa na wasiwasi na muuzaji akakubali, vuta uzi mmoja wa pindo la ndani uuchome. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu. Poliesta inayeyuka na kuacha kitone kigumu. Kama ya mezani ilikuwa pamba na hii inayeyuka, mazungumzo yameisha. Muuzaji asiyekutaka uiguse kabla ya kulipa, mshukuru uendelee na safari. Feki, tofauti na bei ya juu, ina wenyewe kisheria: Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia, na Sheria ya Alama za Bidhaa ipo tangu 1963.

Ukinunua kwa mtu aliye mbali, mwambie akutumie video, picha haitoshi, akiigeuza nguo mbele na nyuma, na jina lako limeandikwa kwenye karatasi pembeni. Ni sekunde ishirini tu. Anayekataa hana nguo. Lipa kwa lipa namba ya biashara inayoonyesha jina kabla hujathibitisha, na kama jina ni tofauti na la uliyekuwa unaongea naye, simama hapohapo. Mimi hutanguliza nusu, nusu nyingine natuma mzigo ukishakabidhiwa ofisi ya basi na nimetumiwa picha ya risiti yenye jina langu na namba ya simu. Nikienda kuuchukua stendi, naufungua mbele ya karani. Wanaona kero, ila hawajawahi kunikatalia.

Waandaaji wanaweza kumaliza nusu ya tatizo hili bila gharama. Mbili kwa kila mtu. Bei kwenye bango kubwa linaloonekana barabarani, ili aliye nje ajue anaibiwa ngapi. Meza ifunguliwe mchana. Na wawe na daftari la oda kwa waliokosa, walipe, wachapishiwe, watumiwe kwa basi. Daftari hilo peke yake linamfanya mwenye begi la fulana kumi alale nazo.

Jambo la mwisho ni saizi. Mlanguzi anachukua M na L kwa sababu zinatoka haraka. S na XL anaziacha, na mara nyingi unazikuta mezani kwa bei ileile ya bango hata onyesho likikaribia kuisha. Hudi ya XL haina shida kwa hali yetu ya hewa, kipupwe kikifika unavaa na sweta ndani. Mimi mwili wangu ni wa M, na hudi zangu zote za matamasha ni XL.