Ioze wapi, na kwa muhogo wa nani?

Swali lenu la wiki hii, kama plastiki inayotengenezwa kwa mazao inaweza kumlipa mkulima na wakati huohuo kuiokoa ardhi, limenikuta kitaluni. Nitaanzia hapo.

Nakuza miche ya michungwa Muheza. Misimu mitatu iliyopita kikundi chetu kilinunua viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche, tulivyoambiwa vimetokana na mahindi. Muuzaji alituhakikishia hakuna haja ya kuvichana: mche uingie shimoni na kiriba chake, udongo utamalizia. Tulilipa karibu mara tatu ya bei ya viriba vya nailoni, tena kwa furaha, maana kila jembe linapopita mashambani kwetu linaibua nailoni ya zamani. Mwaka uliofuata miche ikadumaa. Nilipofukua mmoja nilikuta mizizi imejizungusha kama kamba ndani ya ndoo, na kiriba kizima, maandishi yake yanasomeka.

Iliniuma, nikaanza kuuliza na kusoma. Plastiki ya mahindi iliyoenea zaidi inaitwa PLA. Wanga hugeuzwa sukari, bakteria huigeuza sukari kuwa asidi ya laktiki, ileile inayochachusha mtindi, kisha asidi hiyo huunganishwa kuwa minyororo mirefu. Huko Blair, Nebraska, Marekani, kuna kiwanda kikubwa kinachofanya hivyo tangu 2002. Kwa hiyo kutokana na mahindi ni kweli. Ila ili ioze kwa miezi michache inataka unyevu na joto la nyuzi karibu 60, lidumu kwa wiki kadhaa, yaani mtambo wa mboji wa kiwandani. Udongo wa Muheza haufikii joto hilo hata Januari, na bahari ya Tanga ndiyo kabisa.

Hapo ndipo watu wengi wanapochanganya mambo. Kutoka kwenye mmea ni jambo moja, kuoza ni jingine. Kule Triunfo, Brazil, tangu 2010 wanatengeneza polithini, plastiki ya mifuko ya kawaida tunayoiita nailoni, kwa miwa. Kaboni yake imetoka hewani badala ya kisima cha mafuta, na hiyo ni faida ya kweli, lakini ni polithini ileile na ikitupwa mtaroni itakaa miaka ileile.

Sasa upande wa fedha, ambao wakulima wenzangu wa muhogo wanaupigia hesabu kubwa. Kilo 1 ya PLA inataka si chini ya kilo 5 za muhogo mbichi. Dunia inatengeneza zaidi ya tani milioni 400 za plastiki kwa mwaka. Tukitaka muhogo uchukue nafasi ya asilimia 1 tu ya hizo, tunahitaji tani milioni 20, zaidi ya mara mbili ya muhogo wote unaovunwa Tanzania kwa mwaka. Watetezi husema plastiki za mimea zinatumia kipande kidogo mno cha ardhi ya kilimo. Ni kweli, kwa sababu plastiki zenyewe bado ni chache mno. Zikiongezeka, kiwanda na sufuria ya ugali vitagombea gunia moja, na mbolea ya kukuzia hayo mazao nayo hutoa gesi inayopasha dunia joto karibu mara 300 kuliko hewa ya ukaa.

Isitoshe, sukari zaidi ya nusu ya uzito wake ni oksijeni, wakati polithini haina oksijeni hata chembe. Ukitengeneza polithini kwa sukari unatupa zaidi ya theluthi mbili ya ulichovuna. Mafuta ya petroli hayana hasara hiyo, ndiyo maana bei yake ni ngumu kuishinda. Clinton, Iowa, Marekani, katikati kabisa ya mahindi, kilijengwa kiwanda cha PHA, plastiki ambayo bakteria huihifadhi mwilini kama mafuta na ambayo kweli huoza hata udongoni. Januari 2012 kampuni kubwa ya nafaka iliyokuwa mbia, ADM, ilijitoa: gharama hazikueleweka na wanunuzi walikuwa wachache. Kama hesabu iligoma Iowa, sioni itakavyokubali kwetu kwa muhogo unaoharibika siku mbili tatu baada ya kung'olewa, barabara zikiwa hizi.

Bado sijakata tamaa. Nasema tu tusianze na chakula. Jani la mkonge likipita kwenye korona, mashine ya kutenganisha nyuzi, nyuzi zinazopatikana ni kama asilimia 4 ya uzito wake. Kinachobaki ni tope la kijani. Pale Hale, Korogwe, tope hilo lilishatumika kuzalisha gesi na umeme. Molasi ya viwanda vya sukari nayo ni chakula kizuri cha bakteria wa PHA. Na bidhaa ya kwanza isiwe mfuko wa sokoni, ambao kikapu kinatosha badala yake. Iwe kile kinachobaki shambani kwa lazima: viriba, matandazo, kamba za nyanya.

Kwa sasa tumerudi kwenye nailoni. Anayenunua miche kwetu tunamwomba arudishe viriba, na kwa kila 100 tunampa mche mmoja bure. Vilivyorudi vimejaza magunia manne. Bado natafuta wa kuvichukua.