Oili ya injini ya ndege inaangaliwa saa ngapi? Fundi anajibu wasomaji

Shikamoo fundi. Mi ni mwanafunzi wa ufundi wa ndege hapa Mabibo, sasa hivi niko fildi kiwanjani upande wa ndege ndogo. Juzi nilifika saa 11 alfajiri nikaambiwa nikague Cessna Caravan iliyolala tangu jana yake jioni, nikachomoa dipstiki (kile kijiti cha kupimia oili) nikakuta oili iko chini karibu kwati 3, nikachukua kopo nianze kumimina. Msimamizi akanipigia kelele mbele za watu niache nifunge. Alikuwa na haraka hakunieleza chochote. Sasa kosa langu nini, si oili imepungua? Na zile oili za jenereta na starta nazo ni hivohivo? (Mwanafunzi, Mabibo)

Marahaba mwanangu. Pole kwa kupigiwa kelele, ila huyo mzee kakuokoa, na natamani angepata dakika mbili akueleze maana hili jambo fundi akilishika akiwa bado fildi atakuwa ameshapata nusu ya kazi yote ya oili.

Ile oili haikupungua mwanangu, ilihama. Injini ya Caravan ni PT6 ya Pratt & Whitney Canada, na tenki lake la oili halijaning'inizwa pembeni, limejengwa humohumo kwenye mwili wa injini, nyuma yake kuna giaboksi inayozungusha pampu na vitu vingine. Injini ikizimwa pampu zinasimama, usiku kucha oili inajipenyeza polepole inatoka tenkini inaenda kukaa kwenye giaboksi. Asubuhi dipstiki yako inasoma tenki peke yake, ile iliyohamia giaboksi haiioni. Sasa we ungemimina kwati zako 3 (kwati ni robo ya galoni ya Kimarekani, kama lita moja kasoro kidogo), rubani anawasha, pampu zinairudisha ile ya usiku tenkini na yako ipo juu yake, tenki linafurika, oili inapigwa povu, inatafuta pa kutokea na inatokea kwenye bomba la kupumulia injini. Ndege inarudi na tumbo limelowa mafuta mpaka karibu na mkia.

Naongea kwa uhakika kwa sababu mimi hilo nimelifanya. Nilikuwa kijana kama wewe, kampuni siitaji, nikajaza injini baridi alfajiri nikaona nimefanya kazi nzuri kabisa. Saa 4 ndege ikarudi, tumbo jeusi linang'aa, fundi mkubwa akaona ni liki, tukafungua kava lote tukafuta kila bomba kwa kitambaa cheupe, tukamulika tochi kila kona, nusu siku nzima tunatafuta liki ambayo haipo na abiria wa Zanzibar wamekaa kwenye mabenchi wanasubiri. Nilipokuja kusema kwamba asubuhi niliongeza, hakuna aliyenigombeza hata, walinyamaza tu. Ule ukimya naukumbuka mpaka leo.

Kwahiyo oili ya PT6 inaangaliwa injini ikishazimwa muda si mrefu, ndani ya dakika 15 mpaka 20 hivi, maana yake muda wake mzuri ni jioni ndege ikitoka safari ya mwisho, sio alfajiri. Zile injini za CFM56 za Boeing 737 ni dakika 5 mpaka 30 baada ya kuzima. Na kwanini usiwahi zaidi, dakika hiyohiyo? Kwa sababu oili bado ni ya moto sana na tenki lina presha ndani, ukifungua mfuniko inakurukia usoni na mikononi na inababua vibaya, usicheze nayo. Ikitokea ndege imelala na alfajiri dipstiki inaonyesha chini, injini inawashwa, inakaa aido (inazunguka taratibu bila kuongezwa nguvu) kama dakika 5, inazimwa, ndio unasoma upya. Na kitabu cha injini yenyewe ndio chenye neno la mwisho, sio mimi wala msimamizi wako. Halafu usiwe na tamaa ya kujaza mpaka alama ya juu kabisa, hizi PT6 nyingi zinapenda kukaa kwati 1 au 2 chini ya hapo, ukizidisha zinaitema ile ziada na zinarudi palepale zilipopataka.

Kwenye kumimina kwenyewe nina machache. Soma jina kwenye kopo na ulinganishe na kilichoandikwa kwenye rekodi za ndege, usichanganye Mobil Jet Oil II na AeroShell Turbine Oil 500 kwa sababu tu ndio iliyopo stoo, hata kama zote ni sintetiki za daraja moja. Kopo usilitoboe kwa bisibisi, kile kipande kidogo cha bati kinachokatika kinaingia ndani na we huoni, tumia kitobolea chake safi, na kabla hujatoboa futa mfuniko wa kopo maana vumbi la stoo zetu unalijua. Kopo lililobaki nusu usilitunze mpaka kesho, hizi oili zinavuta unyevu wa hewa na Dar hii unyevu si wa kutafuta. Ukimaliza, mfuniko wa dipstiki ulok kisha uuvute kwa mkono uone kama umeshika kweli, halafu mwite mwenzako naye auguse. Mfuniko ambao haujalok unaweza kumwaga oili njiani na rubani akaona presha inashuka akiwa juu ya bahari.

Sasa naomba hapa unisikilize vizuri kuliko kote. Kuongeza oili ni kazi ndogo, kazi kubwa ni kuandika umeongeza kiasi gani na injini ilikuwa na masaa mangapi. Ukiangalia dipstiki leo unajua habari ya leo tu. Lakini chukua mfano injini ilikuwa inaomba kwati 1 kila baada ya masaa 40 ya kuruka, ikaja masaa 30, ikaja masaa 15, kila siku dipstiki ilisoma vizuri kwa sababu kila siku kuna mtu alikuwa anajaza, na hakuna aliyejua kwa sababu Juma kajaza hakuandika, na aliyekuja zamu ya jioni naye kajaza hakuandika. Pale ndani kuna sili inachoka au beringi inaanza kuumwa na inasema, ila kuna watu wanaiziba mdomo kwa makopo. Mi nimeshawahi kukutana na logibuku (daftari la rekodi za ndege) ya miezi mitatu haina hata mstari mmoja wa oili na makopo matupu yamejaa pipa, niliumia sana. Hata ukiongeza nusu kwati, andika. Na usipoongeza, andika kwamba umeangalia na hukuongeza.

Kuhusu jenereta na starta, kila kimoja kina oili yake na tabia yake. Kwenye ndege kubwa jenereta inayozungushwa na injini ina kioo kidogo pembeni, unasoma pale, na oili inasukumwa kwa pampu ya mkono kupitia mpira, huku mpira wa pili unatoa ziada kwenye ndoo. Vijana wanachomoa ule wa pili mapema kwa sababu ya haraka, jenereta inabaki imejaa kupita kiasi, gia zinaichapa oili, inachemka na rubani anapata taa ya kwamba jenereta ina joto. Subiri mpaka yabaki matone. Starta inakula oili kidogo sana, na ile injini ndogo ya mkiani ina tenki lake. Haidroliki, yani majimaji ya kusukumia breki na magurudumu, ni kitu kingine kabisa, ile ya zambarau usiiite oili mbele ya mtahini wako.

Fundi habari za kazi. Nilikuwa nasafiri na watoto kwa ndege ya mapangaboi mawili, kabla hatujapanda nikaona fundi mmoja kafungua injini ya kushoto anamimina makopo, na fundi mwingine tofauti yuko injini ya kulia. Niliogopa, nikajiuliza kwani inavuja? Na kwanini mmoja asifanye zote akamaliza? (Mama wawili, Mbagala)

Salama dada yangu, na ulichokiona ni kitu kizuri, natamani ungekiona kila safari.

Injini za namna hiyo kula oili kidogo ni kawaida yake. Ndani mle beringi zinafungwa kwa hewa yenye presha inayozuia oili isitoke, na ile hewa ikitoka nje inaondoka na ukungu wa oili. Pia hizi injini nyingi hazimwagwi oili yote kila muda kama gari, zinaongezewa tu, huku filta inakaguliwa na zile sumaku ndogo zinazonasa chembe za chuma zinachomolewa zinaangaliwa.

Hilo la mafundi wawili lina historia. Tarehe 5 Mei 1983 ndege ya Eastern Air Lines, safari namba 855, Lockheed L-1011 ya injini tatu, ilitoka Miami kwenda Nassau ikiwa na watu 172. Usiku wake mafundi walikuwa wamebadilisha hizohizo sumaku nilizokutajia kwenye injini zote tatu, na zote zikafungwa bila oringi, yani ule mpira mdogo wa kuzuia kuvuja. Walizoea kuzichukua oringi zikiwa zimeshavalishwa tayari. Injini zikazungushwa sekunde chache kuangalia kama zinavuja, hazikuonyesha kitu. Angani oili ikatoka zote tatu, marubani wakazima moja, na geji za zile mbili zilipoanza kushuka nazo wakaona haiwezekani, geji ndio mbovu. Zikazimika kweli. Ndege ikashuka bila injini hata moja juu ya bahari, wakafanikiwa kuiwasha ile waliyoizima mwanzo na wakatua Miami, wote wazima.

Ndio maana mahali penye utaratibu mzuri mkono uliogusa injini ya kushoto hauruhusiwi kugusa ya kulia siku hiyohiyo, ili kosa la mtu mmoja libaki kwenye injini moja. Hao mafundi wawili walikuwa wanakulindia wanao, dada.

Kaka fundi, mi ni fundi gari Gerezani. Kuna jamaa kaniletea makopo ya oili ya ndege anasema ni sintetiki kali kuliko ya gari, niweke kwenye Noah ya mteja itadumu. Ni kweli? (Fundi gari, Gerezani)

Kaka usiweke, na huyo jamaa mwulize kayatoa wapi, maana stoo ya ndege kila kopo lina hesabu yake.

Ni sintetiki kweli na ni ghali, ila imetengenezwa kwa injini inayozunguka tu, haina masizi ya pistoni kuingia kwenye oili. Ni nyepesi sana kwa Noah, haina dawa ya kusafisha masizi, na inaweza kuharibu sili za mpira ambazo hazikutengenezwa kwa ajili yake. Hata ndege zenye pistoni, kama Cessna 172, haziitumii, zenyewe zina AeroShell W100 ambayo kwa lugha yako wewe ni SAE 50. Na oili ya gari nayo haiingii kule, ina dawa za madini zinazoacha majivu kwenye silinda, yakiwaka moto yanawasha mafuta kabla ya wakati na pistoni inatoboka.

Kingine kaka, ndani ya hizo oili nyingi za jeti kuna kemikali ya fosfati inayoumiza mishipa ya fahamu, sisi tunavaa glavu na tunanawa kabla ya kula. Kwahiyo makopo matupu usiyape watoto wachezee, na usimruhusu mtu ayaoshe apimie mafuta ya kula au ya taa, hata yakionekana masafi. Yatoboe chini kabisa kabla hujayatupa.